Mkono Uliokataa Chuma

Inspekta Moradeke Arowosafe alipiga magoti.

Alipiga magoti na sare yake, kofia kwapani, juu ya sementi yenye unyevu ya mahabusu ya Oke-Iroko, mbele ya mzee aliyeshtakiwa kwa kuua. Koplo Sunmonu, aliyekuwa ameshika funguo, akageukia ukutani. Hakutaka kuulizwa baadaye kama aliliona jambo hilo.

"Baba, umeamkaje?"

Mzee Odelusi alikuwa amekaa juu ya ubao, mikono yote miwili imeng'ang'ania kingo. Hata hivyo kiwiliwili chake kilikuwa kikiyumba, mara mbele, mara kando, hakitulii. Huyu ndiye mkuu wa wawindaji wa mji mzima, mtu ambaye kila sikukuu ya Ogun, mungu wa chuma na wa wawindaji, alikuwa akitundikiwa kibuyu juu ya mti na kukidondosha kwa risasi moja, huku wake za watu wakipiga vigelegele.

"Inuka," alisema mwishowe. Maneno yalimtoka vipandevipande, moja la sauti kubwa, jingine limefifia. "Polisi hapigii magoti mahabusu."

"Sijampigia mahabusu. Nimempigia mkubwa wangu."

"Basi mkubwa wako anakwambia. Fakorede nilimpiga risasi mimi. Andika, nitie dole gumba, yaishe."

"Ulimpiga umesimama wapi?"

"Ningesimama wapi? Mbele yake."

"Alipigwa kisogoni, Baba."

Macho ya mzee yalibaki ukutani, makali, hayaombi huruma ya mtu. Moradeke aliinuka, akapangusa magoti, akatoka. Alikuwa amekwenda mle kutafuta muuaji na alikuwa amekuta mwongo. Tena mwongo asiyejua hata kutunga, maana maisha yake yote hakuwahi kuwa na haja.

Supritendenti Okuwobi, mkuu wa kituo, alikuwa akimsubiri kwenye korido, mikono kiunoni.

"Nimesikia umempigia magoti muuaji."

"Nimemwamkia mzee, Oga."

"Ukiwa na nyota begani! Njoo ofisini."

Ofisini Okuwobi alilifungua jalada kwa kidole kimoja na kulisoma kwa sauti, kana kwamba Moradeke hakuliandika yeye mwenyewe. Fakorede, mfanyabiashara wa mbao, aliuawa Alhamisi alfajiri kwenye kijito nyuma ya shamba lake la kakao, kwa risasi moja ya gobore. Gobore la Odelusi lilikutwa kwenye kibanda chake cha Ogun, linanuka baruti mbichi. Odelusi alikuwa ameapa sokoni kwamba atakayeugusa msitu wa wawindaji kwa msumeno atamwona. Mpwa wa marehemu, kijana aitwaye Tewogbade, alimwona kwa macho yake akifyatua. Na polisi walipomkamata Alhamisi hiyohiyo mchana, mtuhumiwa alikuwa chakari, anatembea kwa kushika kuta, chupa ya gongo iko mkobani.

"Na amekiri," Okuwobi akamalizia. "Unataka nini tena? Malaika Jibrili aje kutoa ushahidi?"

"Chupa ile haijafunguliwa. Nta iko palepale kiziboni. Ilikuwa ya kumwagia Ogun."

"Alikunywa nyingine."

"Nani alimnusa kinywa?"

"Mtu anagonga ukuta huu na ukuta ule, nimnuse nini?"

"Basi hakuna aliyemnusa. Nipe siku ya leo, Oga."

"Jumatatu anapanda kizimbani. Kamishna amepiga simu asubuhi. Ukinizungusha, Moradeke, utamwaga unga."

"Unga ni wangu. Nitauzoa mwenyewe."

Alimpigia saluti safi kabisa, ya kuudhi, akaondoka kabla hajajibiwa.

Langoni alimkuta mke wa mzee, Iya Ibidun, ameketi kando ya kapu la chakula lililokataliwa na askari wa zamu. Mama wa miguu mipana na kilemba kilichofungwa kwa hasira.

"Mnamnyima hata chakula cha nyumbani," alisema. "Mumuue kwanza kwa njaa ndipo mumnyonge."

"Iya, umemletea nini?"

"Kile anachokula. Eba na kanni."

Moradeke alifunua kitambaa. Donge la ugali wa muhogo, na pembeni kanni wamejaa bakuli, wale viwavi wa hariri waliokaangwa kwa mchanga na chumvi hadi wakawa kahawia. Mwezi huo wa mvua kila jiko la Oke-Iroko lilinukia hivyo.

"Amekula hiki tangu lini?"

"Tangu mvua ifunge msitu. Nyama iko wapi? Mwindaji hawezi kuomba nyama kwa jirani. Asubuhi eba na kanni, jioni eba na kanni, anavimaliza na kulamba bakuli." Akatazama huku na huku. "Usiniulize zaidi."

"Jumatano ilikuwaje?"

"Nimesema usiniulize. Amenikataza. Amesema nikifungua mdomo, siku akifa nisimzike mimi."

"Usipoufungua atazikwa na serikali, Iya. Kwenye shimo la gereza, bila wawindaji, bila bunduki hata moja kulia juu yake."

Mama yule alilia kidogo, kwa ghadhabu zaidi kuliko huzuni, halafu akasema. Jumatano jioni mzee alitapika. Alipotaka kwenda uani akaanguka, akainuka, akaanguka. Alikuwa anakosa mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Usiku kucha alilala karibu na matapishi yake na hakukubali kuguswa.

"Alikuwa amelewa?"

"Huyu? Gongo hulimwaga chini lote, hata tone la kunionjesha haniachii."

Moradeke akamtuma Sunmonu hospitali ya wilaya na pikipiki. Daktari Ewuoso alikuja na miwani yake imepandishwa kwenye upara, mtu mnene asiyependa kuharakishwa, akasimama kwenye mlango wa mahabusu.

"Baba, nimekuja kukupima."

"Kapime mbuzi wako," alisema Odelusi.

"Mbuzi wangu hawanisumbui hivi. Nyosha mkono tu."

"Ondoka."

Ewuoso hakuondoka wala hakubisha. Akaanza kutembea polepole, kutoka ukuta wa kushoto kwenda wa kulia na kurudi, mikono nyuma. Mzee akamfuatilia kwa macho, kwa chuki yote aliyokuwa nayo. Moradeke alimtazama mzee na kwa mara ya kwanza akaona. Macho yale hayakuteleza kumfuata daktari. Yalikuwa yakirukaruka, yanapitiliza, yanarudi.

"Asante, Baba," alisema daktari. "Nimeshakupima."

Tusi alilotukanwa halikuandikwa popote.

Uani, chini ya mabati, Ewuoso aliweka kiganja chake kisogoni pa Moradeke bila kuomba ruhusa.

"Hapa ndani. Unaitwa ubongo mdogo. Ungejaa kiganja, lakini zaidi ya nusu ya seli zote za ubongo wako zimejazana humo, kwa sababu umejikunja mikunjo myembamba kama kurasa za Biblia. Ukiukata katikati unaona shina na matawi. Wa zamani waliuita mti wa uhai."

"Kazi yake?"

"Hautoi amri. Amri ya kunyanyua kikombe inatoka ubongo mkubwa. Huu unapima. Mkono uende umbali gani, kwa nguvu gani, usimame lini. Ukanda wake wa katikati unakushikia kiwiliwili, ukae na utembee bila kuanguka. Pande mbili zinashika mikono na miguu, wa kulia kwa kulia, wa kushoto kwa kushoto. Hata ulimi na macho viko chini yake."

"Ukiharibika mtu anapooza?"

"Ndipo watu wanapokosea. Hapoozi. Nguvu zote anazo, akili yake iko timamu. Kinachopotea ni kipimo. Mkono ukilala pajani umetulia, huwezi kujua. Ukiutuma kufuata kitu unaanza kutikisika, na unavyozidi kukikaribia ndivyo unavyozidi kutikisika. Na pombe, dada yangu, inashambulia palepale. Ndiyo maana mlevi na mzee huyu wanatembea mwendo mmoja. Wenzako waliona mwendo, wakaandika gongo."

"Na kanni anaowala kila siku?"

"Wana kitu tumboni mwao kinachoharibu vitamini B ya kwanza, na moto wa kikaango haukimalizi. Mwenye kula maharage na samaki hahisi lolote. Anayekula muhogo mtupu mwezi mzima, akaongeza kanni juu yake, siku moja anaamka dunia inazunguka. Kila mwaka majira haya napokea wagonjwa wa namna hii. Wengi wanapelekwa kwa waganga kwanza, au kituoni kwenu."

Moradeke hakucheka. "Anapona?"

"Vizuri sana. Nimchome vitamini hiyo leo, baada ya siku chache anatembea. Hata bila sindano, hapa mnampa mkate na maharage. Ameshaanza kupona."

Ndipo Inspekta alipoiona hatari yenyewe. Jumatatu mzee angesimama kizimbani wima, mkono imara kama nondo, aseme kwa ulimi mnyoofu kwamba aliua. Nani angeamini kwamba Alhamisi asingeweza kumpiga tembo akiwa kando yake? Ugonjwa ndio uliokuwa ushahidi wake, na ushahidi ulikuwa unapona.

"Unataka nisimchome kwanza," alisema daktari, akimtazama kwa makini.

"Nataka umchome leo hii. Siwezi kumweka mtu mgonjwa kwa ajili ya jalada langu."

"Amekataa."

"Atakubali. Nisubiri hapa."

Kijitoni alikwenda na Sunmonu. Daraja lilikuwa gogo moja la mti wa mwiroko, limeota ukungu, linateleza, na maji ya mvua yalikuwa yanapita chini yake kwa kishindo. Moradeke alivua viatu, akatanua mikono, akavuka hatua kwa hatua. Katikati ya gogo alisimama. Kutoka hapo tu, kupitia upenyo wa majani, ndipo alipoona mahali Fakorede alipoanguka. Kutoka ukingo huu au ule hakukuwa na njia ya risasi.

Chini ya gogo, kwenye matete, kulikuwa na kitu cheusi. Sunmonu aliingia majini hadi mapajani akalalamika kwamba suruali ni mpya, kisha akatoka nacho: kizibo cha nyuzi za mchikichi, kile kinachoshindiliwa ndani ya gobore juu ya baruti. Kilikuwa kimeungua upande mmoja.

"Kwa hiyo muuaji alisimama hapa," alisema Sunmonu. "Kama Tewogbade alivyosema. Mzee alivuka gogo, akasimama katikati, akafyatua."

"Kama alivyosema. Na yeye Tewogbade alikuwa wapi?"

"Mlangoni mwa banda la kukaushia kakao."

Moradeke alikwenda hadi mlangoni mwa banda. Akageuka. Mbele yake kulikuwa na mianzi, mianzi mitupu, imesongamana kama ukuta.

"Sunmonu," aliita. "Panda juu ya gogo ucheze ngoma."

"Ngoma gani, Madamu?"

"Yoyote."

Akasubiri. Majani yalitikiswa na upepo.

"Umeanza?"

"Nimemaliza, Madamu. Na nimekaribia kuanguka."

Adhuhuri ofisi ya mkuu wa kituo ilikuwa imejaa. Okuwobi nyuma ya meza, shingo upande, kwa sababu sheria ilitaka ungamo lithibitishwe mbele yake na hakuweza kukwepa. Daktari dirishani. Tewogbade, kijana wa Ibadan mwenye viatu vinavyong'aa, alikuwa ameitwa kutia sahihi maelezo yake. Alikuwa amekaa amekunja nne, mtulivu. Odelusi aliingizwa akiwa ameshikwa na Sunmonu na askari mwingine, na bado alikuwa akijaribu kuwasukuma.

"Niacheni. Natembea mwenyewe."

Walipomwachia alianguka kwenye kiti. Alikaa vizuri haraka, akainua kidevu.

"Mzee Odelusi," alisema Okuwobi, "umekiri kwamba ulimuua Fakorede. Unathibitisha?"

"Nathibitisha."

"Oga," Moradeke akaingilia, "mtu wa Ogun hathibitishi kwa mdomo mtupu. Mahakamani ataapa kwa kulamba chuma. Na aape hapa."

Okuwobi alishusha pumzi. "Mpe chuma, tumalize."

Moradeke aliweka kipande cha panga la zamani juu ya meza, mbele ya mzee. Kila mtu mle, hata Okuwobi na rozari yake mfukoni, alijua kwamba Ogun humuua anayelamba chuma kwa uongo.

Odelusi alikitazama muda mrefu.

"Unadhani naogopa," alimwambia Moradeke.

"Sidhani hivyo, Baba. Nadhani huwezi."

Uso wa mzee ulibadilika. Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Mkono wake wa kulia uliachia paja, ukaenda kwenye meza, ukapita chuma, ukarudi, ukakipita tena. Mara ya tatu alikipata akakikamata kwa vidole vyote. Akakiinua. Karibu na kifua mkono ulianza kutikisika. Karibu na shingo ulikuwa unapiga huku na huku kama mkia wa samaki aliyetolewa majini. Chuma kikagonga shavu. Akajaribu tena, meno yameumana, mishipa ya shingo imemtoka, na chuma kikagonga meno, kikampasua mdomo. Damu ikachuruzika kidevuni.

Akajaribu tena.

"Inatosha," alisema Okuwobi kwa sauti ndogo. "Jamani, mnyang'anyeni."

Moradeke alimshika mzee kifundo cha mkono, kwa mikono yote miwili, hadi kikatulia. Akachukua chuma.

"Oga, mkono huu haufiki kwenye mdomo wake mwenyewe. Na leo ni nafuu, Alhamisi alikuwa hawezi hata kusimama bila kushika ukuta. Nani basi alisimama juu ya gogo linaloteleza, akampiga Fakorede risasi moja ya kisogo?"

"Ogun amekikataa kiapo," alinong'ona askari mlangoni.

"Sema ni Ogun ukipenda. Daktari ana jina lake jingine." Akapiga magoti, mara ya pili siku hiyo, mbele ya wote. "Baba. Ugonjwa huu hautokani na uzee wala woga. Ni chakula. Unatibika. Jumatano ulikuwa chini, na gobore lako lilikuwa kwenye kibanda cha Ogun, mahali ambapo hakuna mwindaji anayefunga mlango. Nani alilichukua?"

Mzee alifuta damu, akakosa kidevu, akafuta tena. Alipozungumza, hakumtazama mtu.

"Alfajiri nilisikia mlango wa kibanda. Nikasikia chuma kinanyanyuliwa. Naijua sauti ya gobore langu kama ninavyojua kikohozi cha mke wangu. Nikataka kusimama. Miguu ninayo, nguvu ninazo, na sakafu inanikimbia. Nilitambaa kwenda mlangoni nikakuta nimetambaa kuelekea ukutani." Akakitazama kiganja chake. "Mkuu wa wawindaji. Mtu anabeba bunduki yangu, na mimi nimelala kwenye matapishi yangu kama mtoto. Ningesema hivyo mbele ya nani? Heri niitwe muuaji. Muuaji angalau ni mwanamume."

Iya Ibidun, aliyekuwa akisikiliza nje ya dirisha, alimwita mpumbavu, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi.

"Wewe Tewogbade," alisema Moradeke bila kuinuka. "Ulimwona akivuka gogo bila kushika kitu."

"Niliona mtu, Madamu. Alfajiri ile, ukungu..."

"Maelezo yako yanasema ulimwona mzee, akavuka, akasimama katikati. Mji mzima ulimwona Alhamisi mchana akishika kuta. Wewe ulikuja usiku kutoka Ibadan, ukaandikisha maelezo kabla hajakamatwa, hukujua. Ukasimulia jinsi anavyowinda siku zote."

"Nilikosea mtu, basi. Si kosa la jinai."

"Ulisema alisimama katikati ya gogo, na kweli muuaji alisimama hapo, kizibo chake ninacho. Ila mlangoni mwa banda gogo halionekani. Nimesimama pale leo, Koplo akacheza ngoma nzima, sikuona hata kofia yake. Anayejua muuaji alisimama wapi ni mmoja tu."

Tewogbade alikunjua mguu. "Nimuue mjomba wangu kwa sababu gani?"

"Sokoni wanasema Jumanne mjomba wako alikwenda kwa wawindaji kuwarudishia msitu, usikatwe tena," alisema Okuwobi taratibu, kama anayejisomea mwenyewe. "Na misumeno yote ya kuukata ni yako, hasara ingekuwa yako." Akalifunga jalada, kisha akamtazama Moradeke kwa jicho la mtu aliyemeza kitu kichungu na anajua ni dawa. "Koplo. Simama mlangoni."

Kijana aliinuka, akakuta Sunmonu ameshajaa mlango mzima, suruali yake mpya bado inachuruzika maji.

Walipokwisha kumtoa, daktari alisogea na begi lake. Alisimama mbali kidogo na kiti cha mzee, maana alikuwa amejifunza.

Odelusi alitazama sindano. Akatazama mkono wake uliolala pajani, umetulia kama haujafanya lolote.

"Inspekta," alisema. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Ndiyo, Baba."

"Siku nikipona, nitatundikiwa kibuyu. Utasimama chini yake wewe mwenyewe, na kofia yako hiyo."

"Nitasimama."

Mzee akakunja mkono wa shati, akakosa, akakunja tena. Hakumruhusu mtu amsaidie.

"Choma," alimwambia daktari.